Uso wa mjamzito: mambo ya kuzingatia kabla haujaanza kubadilika

Kabla tumbo halijaonekana, piga picha ya uso wako mchana, bila vipodozi, uitunze kwenye simu. Uso hubadilika polepole, na wewe unayejitazama kwenye kioo kila siku unaweza usigundue.

Mengi yatakayotokea ni ya kawaida. Chunusi huweza kurudi hata kwa aliyeziaga tangu usichana, pua huziba, fizi hutoka damu wakati wa kupiga mswaki. Wengine hupata mabaka ya kahawia mashavuni, kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Hayo huletwa na homoni na kukolezwa na jua, na mara nyingi hufifia miezi kadhaa baada ya kujifungua. Andaa mtandio au kofia pana, na krimu ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi.

Ila tafadhali, dada yangu, baka lisikupeleke kwenye mkorogo. Baadhi ya krimu za kung'arisha zina zebaki, ambayo hupenya ngozi, huharibu figo na humfikia mtoto tumboni. Kagua vipodozi vyako sasa, na kopo lisiloandikwa viambato usilipake tena. Kama unameza isotretinoini kwa ajili ya chunusi, muone daktari kabla hujatafuta mimba, kwa sababu dawa hiyo husababisha ulemavu mkubwa kwa mtoto.

Halafu kuna uvimbe. Mama anaamka kope zimejaa, pete haitoki kidoleni, na majirani wanamsifu kuwa mimba imemkubali! Baada ya wiki ya 20, uso ukivimba ghafla, au ukiumwa sana kichwa, ukaona maruweruwe, au ukasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama tarehe ya kliniki bado. Hizo zinaweza kuwa dalili za presha ya mimba. Presha ikifika 140/90 inahitaji kufuatiliwa, maana inaweza kuleta kifafa cha mimba (degedege), ambacho huweza kuua mama na mtoto. Kwa hiyo tenga nauli mapema, jua kituo kinachofanya kazi usiku, na mchague mtu wa kukusindikiza.

Uso na midomo vikipauka, omba kupimwa damu. Kwa mjamzito, himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu. Na kila hudhurio la kliniki, usiondoke kabla presha yako haijapimwa na kuandikwa kwenye kadi.