Diski pepe na diski halisi kwenye Apple IIe Card, ipi uitumie wapi

Kama umeipata ile kadi ya Apple IIe ya kuchomeka ndani ya Macintosh LC, kuichomeka ndo kazi rahisi kuliko zote, inaingia kwenye sloti ya PDS (tundu la kadi kwenye bodi ya LC), unarudisha mfuniko, basi. Kinachowachanganya watu ni diski. Kadi ilitoka 1991 ili wenye programu kibao za Apple II wahamie Mac bila kuziacha, kwa hiyo inakubali kutumia flopi ya Mac yenyewe, hadi diski ya Mac, RAM ya Mac, na pia draivu za nje za Apple II kupitia kebo ya Y. Ila sio kila programu itakubali kukaa popote, na hapo ndo mtu anaanza kulalamika kadi mbovu kumbe kadi haina shida yoyote.

Jambo la kushika ni hili: programu ya ProDOS (mfumo wa diski wa Apple II) yenye adabu, yaani inayoiachia ProDOS isome na kuandika kwa niaba yake, itakaa vizuri kwenye diski pepe, yaani nafasi kwenye hadi diski au RAM ya Mac ambayo IIe inaiona kama diski. DOS 3.3 (mfumo wa zamani kabla ya ProDOS), magemu yanayojibuti yenyewe, na chochote chenye ulinzi dhidi ya kunakiliwa vinataka draivu ya flopi za inchi 5.25. Hizi programu zinasogeza kichwa cha draivu zenyewe na kusoma biti zinavyopita, sasa partisheni (sehemu iliyotengwa) ya hadi diski haina kichwa cha kusogezwa, huko kila kitu kinaombwa kwa vipande vya baiti 512 kupitia Mac, kwa hiyo gemu la namna hiyo litakwama tu hata ukilibembeleza.

Kabla ya yote angalia Mac yako. Kadi inafanya kazi kwenye anwani za kumbukumbu za 24-bit tu, kwa hiyo fungua paneli ya Memory, zima 32-bit Addressing, uwashe upya. Mfumo usizidi 7.5.5, maana kuanzia 7.6 hiyo 24-bit iliondolewa kabisa. Na kama una RAM zaidi ya 8 MB usishtuke ukifungua About This Macintosh ukaona System imekula nafasi ya ajabu, hiyo ni ile RAM ya juu ambayo 24-bit haiwezi kuifikia. Programu ya kadi tafuta toleo la 2.2.1.

Haya, partisheni. Hii ndo diski pepe yenye faida kubwa kuliko zote na mimi ningeanzia hapo. Unatumia Apple HD SC Setup, na kama hadi diski yako sio ya Apple (au ni BlueSCSI na jamaa zake, vifaa vya kadi ya SD vinavyojifanya hadi diski) chukua ile 7.3.5 iliyofanyiwa marekebisho, ya kawaida itakataa kuiona. Nenda Partition, kisha Custom. Utaona mchoro wa diski umejaa kisanduku kimoja cha Macintosh, kiondoe, buruta kwenye eneo la kijivu kutengeneza kisanduku kipya, chagua aina ya ProDOS, sehemu inayobaki irudishie Macintosh. Ukishaondoa kile kisanduku cha kwanza kila kilichokuwemo kimeenda, so bakapu kwanza, sio baadaye. Ukubwa usihangaike, ProDOS haivuki 32 MB kwa volyumu moja, na 32 MB kwa dunia ya Apple II ni bahari, flopi ya 5.25 ni 140K tu piga hesabu mwenyewe.

Ili partisheni iweze kubuti inatakiwa iwe na faili la PRODOS na angalau faili moja la mfumo, mfano BASIC.SYSTEM, kwenye ngazi ya juu kabisa. Unabuti kwa flopi ya ProDOS kwanza, kisha unanakili kwa programu ya kunakili kama Copy II Plus au Filer. Ukiweza weka ProDOS 2.4 iliyotoka 2016, inakuja na kichaguzi chake kinaitwa Bitsy Bye na kinakuondolea kero ya kuandika njia ndefu kwa mkono. Halafu tengeneza folda mapema! Ngazi ya juu ya volyumu ya ProDOS inabeba majina 51 tu, ukifika hapo inakwambia imejaa hata kama kuna megabaiti 30 ziko wazi, na watu wanaenda kufomati upya bure. Ndani ya folda hakuna huo ukomo. Majina nayo mwisho herufi 15, yaanze na herufi, hakuna nafasi, tumia nukta.

Kuchagua inabuti wapi: ukiwa ndani ya IIe bonyeza Control, Command na Esc kwa pamoja, paneli inafunguka na utaona sloti za kuigiza zenye picha za kadi, unaburuta kama unavyopanga kadi za kweli. Angalia SmartPort (njia ya diski za 3.5 na hadi diski) iko sloti gani na 5.25 iko ipi. Kama zimekaa kwa mazoea, yaani 5.25 kwenye 6, basi kutoka kwenye BASIC unaandika PR#6 inabuti flopi, na CAT,S6,D1 inakuonyesha kilichomo. Sloti ya kuanzia ukiiachia itafute yenyewe inaanza namba ya juu kushuka, ndo maana saa nyingine unaweka flopi ya gemu halafu mashine inaipita na kubuti hadi diski.

Flopi za 3.5: draivu ya ndani ya Mac inasoma 800K za ProDOS moja kwa moja, na ukiwa upande wa Mac unaweza kuandika imeji (faili lenye nakala ya diski nzima) ya 800K kwenye flopi kwa Disk Copy. Tumia flopi za DD (zile za 800K). HD zenye tundu la pili draivu inazitambua kama 1.44 MB na ujanja wa kuziba tundu kwa tepu leo unakubali kesho unagoma.

Draivu za nje sasa. Kebo ya Y inatoa plagi ya joistiki na ya diski, na kadi nyingi zinauzwa bila hiyo kebo, uliza kabla hujalipa. Kwa 5.25 tafuta Apple 5.25 Drive. Kwa 3.5 ya nje ni UniDisk 3.5 peke yake, ile inayofanana nayo inayoitwa Apple 3.5 Drive haiendi, kwa sababu UniDisk ina kompyuta yake ndogo ndani inayoongea na SmartPort na ile nyingine haina. Ukiziunganisha kwa mnyororo UniDisk inakaa karibu na Mac, 5.25 mwisho. Zima umeme kabla ya kuchomeka au kuchomoa chochote hapo nyuma, kila mara.

Kama gemu lenye ulinzi linagoma hata kwenye draivu halisi, rudi kwenye paneli uweke kasi ya kawaida, ile ya haraka inaenda karibu mara mbili na baadhi ya programu za zamani zinapoteza hesabu.

Flopi zikiisha nguvu kuna vifaa kama Floppy Emu, kitu cha katikati: imeji ziko kwenye kadi ya SD lakini kwenye plagi kinajifanya draivu ya 5.25, kwa hiyo hata DOS 3.3 inabuti. Kwa magemu yenye ulinzi tafuta imeji za WOZ, maana .dsk ya kawaida inabeba data tu na ule mpangilio wa ajabu wa biti unapotea.

Na kama hadi diski yako ni BlueSCSI, usihangaike na kuhamisha kwa flopi. Zima Mac, toa SD, fungua lile faili la diski kwa programu ya CiderPress II kwenye kompyuta ya kisasa, utaiona partisheni ya ProDOS humo ndani, unatupia mafaili na aina zake zinabaki sawa. Diski nzima za 140K zigeuze ziwe mafaili ya .sdk (diski nzima iliyobanwa), uzitie humo, kisha ukiwa IIe unazifungua kwa programu ya ShrinkIt kwenda kwenye flopi ya 5.25 tupu.

RAM diski (kipande cha RAM kinachojifanya diski) ipo pia, ina kasi kweli na inafaa kunakili diski moja kwenda nyingine ukiwa na draivu moja, ila ukiizima IIe kilichomo kimeondoka, hakikisha umekihamishia kwenye partisheni kwanza.