Somo: Wakili anatafutwa kabla ya saini, na mara siku zinapoanza kuhesabiwa

Ndugu wanachama, mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Morogoro mwaka wa kumi na moja sasa. Linaloniumiza zaidi ni mtu kuja na madai mazuri na vielelezo vyote, kumbe siku zimeshakwisha. Mdogo wangu mwenyewe aliachishwa kazi kwenye hoteli moja bila onyo wala kikao. Akanyamaza. Alipokuja kuniambia ilikuwa siku ya 47, na anayepinga kuachishwa kazi ana siku 30 tu za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Ikabidi aombe kwanza kuongezewa muda, ombi likakataliwa. Kama alionewa au hakuonewa, hakuna aliyekaa kulisikiliza hilo.

Hatua ya 1: Hesabu siku kabla ya kuhesabu hela

Swali la kwanza si "wakili bei gani", ni "nimebakiwa na siku ngapi". Kuachishwa kazi nimeshataja. Migogoro mingine ya kazi, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Makadirio ya kodi ya TRA (Mamlaka ya Mapato) usiyokubaliana nayo yanapingwa ndani ya siku 30, na pingamizi linakwenda na malipo: kodi usiyoibishia au theluthi moja ya makadirio, ile iliyo kubwa, isipokuwa Kamishna akikupunguzia. Wafanyabiashara wengi hawalijui hili, wanaandika barua ya malalamiko na kusubiri majibu huku siku zinakatika. Rufaa kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30. Ukitaka kuishitaki serikali au halmashauri, unatoa kwanza notisi ya siku 90.

Karatasi yoyote yenye tarehe ya mwisho ikikufikia, tafuta wakili wiki hiyohiyo.

Hatua ya 2: Mpelekee karatasi kabla hujasaini

Kusomewa mkataba ni gharama ndogo ukilinganisha na kesi ya kuuvunja. Mkopo unaoweka nyumba rehani, kumdhamini mtu, pango la fremu ya duka la miaka kadhaa, kuingia ubia: yote haya yasomwe na wakili wako, si wa upande wa pili.

Kwenye kiwanja nakaa zaidi, maana ndiko watu wanakolia. Muhuri wa serikali ya mtaa hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Kama kuna hati, wakili atafanya upekuzi kwa Msajili wa Hati aone jina la nani limeandikwa na kama benki imeiweka rehani. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima ihusike. Kama ni nyumba ya familia, ridhaa ya mke au mume ni lazima. Sheria ya Ndoa ya 1971 inalisema waziwazi. Nimeona mnunuzi ameshajenga mpaka linta, ndipo mke wa muuzaji anakuja na zuio la mahakama.

Mkataba ukishasainiwa, lipieni ushuru wa stempu. Usipolipwa, mahakama haiupokei kama ushahidi mpaka ulipwe pamoja na adhabu yake.

Hatua ya 3: Usimlipe mtu kwa unaloliweza

Jina la biashara unasajili mwenyewe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukiwa na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa. TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Fomu ya CMA unajaza mwenyewe. Madai madogo unayapeleka Mahakama ya Mwanzo, unajieleza kwa Kiswahili na hakimu anakuelewa.

Polisi ni habari nyingine. Ukishikwa, omba ndugu yako na wakili wajulishwe, na usisaini maelezo usiyoyasoma. Dhamana ya polisi ni bure.

Hatua ya 4: Hakikisha ni wakili kweli

Mwanasheria na wakili si kitu kimoja. Mwanasheria amesomea sheria; wakili ameapishwa na ana leseni inayohuishwa kila mwaka. Vishoka, wanaojifanya mawakili, ni wengi nje ya mahakama. Tafuta jina lake kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Halafu nenda na ukurasa mmoja wenye tarehe za matukio, nakala za karatasi zako zote, na mkubaliane malipo kwa maandishi.

Maswali ya wanachama

*Fundi seremala, Mbeya:* Mwalimu, shikamoo. Mteja nimeshampa makabati yake, lakini bado namdai shilingi 1,800,000. Hatukuandikiana, tulipatana kwa WhatsApp tu. Nimpeleke polisi?

Marahaba. Deni ni madai, si jinai. Polisi si mahali pake. Usifute hizo meseji wala ujumbe wa malipo ya awali, maana ushahidi wa kielektroniki unapokelewa. Mwandikie barua ya kudai, mpe siku 14, bakiza nakala yenye saini ya aliyepokea. Asipolipa, Mahakama ya Mwanzo. Kwa kiasi hicho wakili si lazima.

*Mama wa saluni, Mwanza:* Na sisi tusio na hela kabisa?

Dada, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Ulizia msaidizi wa kisheria kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia bila malipo wasio na uwezo. Kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, nayo ilizunguka mikoani. Usione haya. Mlango huo umewekwa kwa ajili yako.

*Mjane, Kilosa:* Shemeji yangu aliteuliwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wangu, Mahakama ya Mwanzo. Mwaka wa pili huu hajasema kitu, na nasikia nyumba ina mnunuzi. Wazee wa ukoo wanasema nisubiri kikao.

Pole sana, mama. Msimamizi anatakiwa kupeleka mahakamani orodha ya mali na hesabu ndani ya miezi minne. Andika barua ya malalamiko kwenye mahakama ileile iliyomteua, taja namba ya shauri, omba aitwe. Lakini kwa kuwa mnunuzi yupo, hapa usiende peke yako: unahitaji zuio kabla nyumba haijabadilisha jina, na hiyo ni kazi ya wakili. Beba cheti cha kifo, cheti cha ndoa na karatasi yoyote ya nyumba. Kikao cha ukoo kitakukuta ukiwa tayari umefungua shauri. Nenda Jumatatu, masjala ikifunguliwa tu.