Jiko dogo la gesi la kambini na la akiba nyumbani: anza na kopo, kisha jiko

Wengi wakienda kununua jiko dogo la gesi huanza na jiko lenyewe: linavyokunjika, lina vichomeo vingapi, linang'aa kiasi gani. Mimi huongoza safari za kambi, na nyumbani nina jiko la akiba kwa siku umeme unapokatika. Majiko yaliyowahi kuniangusha hayakuwa mabovu. Tatizo lilikuwa gesi: ama kopo lake halikupatikana, ama lilipatikana likashindwa na baridi. Ndiyo maana nakuomba uanze na kopo.

Hatua ya 1: Jua kopo utakalolipata kila unapolihitaji

Kuna kopo refu jembamba, umbo kama la rangi ya kupuliza, linalolazwa ubavuni ndani ya jiko la mezani. Hilo kwa kawaida hubeba gramu 220 hivi za butani, aina moja ya gesi ya kupikia. Kuna kopo fupi nene lenye uzi wa skrubu shingoni, ambalo kichomeo kidogo hufungwa juu yake kama kifuniko; hilo huuzwa la gramu 100, 230 au 450, na mara nyingi ndani yake kuna mchanganyiko wa gesi, yaani butani, isobutani na propani. Halafu kuna mtungi wa kujazwa upya, wenye regulata (kifaa cha kupunguza mgandamizo wa gesi) na mpira wa gesi. Utakutana pia na kopo la kutobolewa, lisilo na vali: ukishalitoboa haliwezi kutolewa kwenye jiko mpaka liishe. Hilo liache.

Kabla hujalipa, pita kwenye maduka unayonunulia vitu vyako siku zote uone ni kopo gani lipo katika duka zaidi ya moja. Kama ni la kusafiri nalo kwa ndege, kumbuka kopo la gesi haliruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Jiko utafika nalo, gesi utainunua huko uendako, kwa hiyo ulizia mapema aina inayouzwa huko.

Kuhusu adapta za kuhamishia gesi kutoka mtungi mkubwa kwenda kwenye kopo, usikubali, hata ukiambiwa kila mtu anafanya hivyo. Kwenye nyuzijoto 20, mgandamizo wa propani ni kama mara nne ya ule wa butani, na kopo jembamba la butani limetengenezwa kwa mgandamizo wa butani tu. Isitoshe, kopo lililojazwa mpaka juu kwa gesi iliyo kimiminika halina nafasi ya kimiminika hicho kutanuka likipata joto.

Hatua ya 2: Linganisha gesi na baridi ya mahali

Gesi iliyo ndani ya kopo ni kimiminika. Kinachowaka ni mvuke wake, na ili mvuke utoke lazima kimiminika kichemke humo ndani. Butani ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 0.5 chini ya sifuri, isobutani kama nyuzi 12 chini ya sifuri, propani nyuzi 42 chini ya sifuri. Hapo ndipo siri yote ilipo.

Kuna asubuhi moja mlimani nilipoamka nikakuta umande umeganda juu ya hema. Niliwasha jiko la kopo refu. Moto ukashika, ukawaka vizuri dakika chache, kisha ukaanza kushuka taratibu mpaka ukawa ukingo mwembamba wa bluu uliokuwa unatetemeka. Nililitikisa kopo: kimiminika kilisikika kikicheza ndani, zaidi ya nusu. Nilipolishika, vidole vilinasa kwenye ukungu mweupe wa barafu uliolizunguka upande wa chini. Gesi ilikuwepo, ila haikuweza kutoka. Watu sita walikuwa wanasubiri maji ya moto, na mmoja wao alikuwa anatetemeka kwa baridi.

Na si baridi ya hewa peke yake. Kila gramu inayogeuka mvuke hunyonya joto kutoka kwenye kopo, kwa hiyo kopo hujipoza lenyewe kadiri unavyopika, hasa kwa moto mkubwa. Hata kwenye nyuzi 5 juu ya sifuri, kopo lenye butani peke yake litaanza kuchoka.

Basi, kama jiko ni la nyumbani au la kambi za maeneo yenye joto, butani inatosha kabisa. Kama unapanda milimani au unalala nje majira ya baridi, chukua kopo lenye isobutani na propani. Mchanganyiko huandikwa ubavuni. Usiku lala nalo kopo ndani ya mfuko wa kulalia. Asubuhi likianza kuchoka, kalishe kopo fupi kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, maji ambayo mkono unayavumilia bila shida. Kulipasha kopo kwa moto au kwa maji yanayochemka ni kuomba lipasuke.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya gesi kabla ya kuangalia ukubwa wa moto

Jiko la mezani la kilowati 2.2 likiwashwa moto wote hula kama gramu 160 kwa saa. Yaani kopo la gramu 220 halifiki hata saa moja na nusu. Lita moja ya maji, mahali pasipo na upepo na sufuria ikiwa imefunikwa, huchemka kwa gramu 15 hivi.

Chukua familia inayochemsha lita 8 kwa siku, za kunywa na za kuogeshea mtoto: gramu 120. Ongeza saa moja ya kupika kwa moto wa nusu: gramu 80. Jumla ni gramu 200, karibu kopo zima kila siku. Kama umeme kwenu hukatika siku moja moja, makopo manne kabatini ni akiba nzuri. Ukikatika kwa wiki, au mara kwa mara, nakushauri uache makopo ununue mtungi wa kilo 6 na jiko lake, maana kwa matumizi hayo utakusogeza kama siku 30 na utaujaza tena. Kambini ya mtu mmoja au wawili, kinyume chake: kichomeo cha kufunga juu ya kopo huweza kuwa na uzito wa chini ya gramu 100, na kopo la gramu 230 linawatosha siku kadhaa.

Kilowati nyingi si lazima. Ninachokitafuta mimi ni moto unaoweza kushuka chini kabisa bila kuzimika. Kama dukani wanaruhusu kuwasha, zungusha kitufe mpaka moto uwe mdogo uone kama unatulia.

Hatua ya 4: Shika jiko, litikise, weka sufuria juu

Nenda dukani na sufuria yako mwenyewe. Kwa kichomeo cha juu ya kopo, sufuria pana ikijaa maji huyumba. Hapo tafuta jiko lenye miguu yake, ambalo kopo hukaa pembeni na kuunganishwa kwa bomba. Kwa jiko la mezani, angalia sufuria isifike juu ya chumba cha kopo. Joto la kitako chake hurudi chini na kulichemsha kopo. Kwa sababu hiyo hiyo usizungushie jiko karatasi ya alumini, wala usipange majiko mawili yakigusana ili kuweka sufuria moja kubwa.

Upepo hula gesi kuliko unavyodhani. Chagua kichomeo chenye ukingo kidogo, na kinga upande unaotoka upepo. Kopo likiwa chini ya kichomeo, usilizungushie kizuia upepo pande zote. Acha upande mmoja wazi, na gusa kopo kila baada ya muda. Likiwa la moto mkononi, zima.

Hatua ya 5: Kagua usalama

Jiko la mezani liwe na kifaa kinacholisukuma kopo nje au kukata gesi mgandamizo ukizidi. Jiko la mtungi liwe na kikata-gesi moto ukizimika wenyewe. Soma lebo: majiko mengine yametengenezwa kwa matumizi ya nje tu, na hilo si jiko la akiba la nyumbani. Kiwashio cha kubonyeza ni kizuri, lakini hufa kwa unyevu, kwa hiyo kiberiti kikavu hakikosi kwenye mfuko wangu.

Hatua ya 6: Lijaribu nje, mchana, kabla ya siku ya shida

Kopo refu lina pengo dogo kwenye ukingo wa shingo. Pengo hilo litazame juu unapolilaza, kwa sababu ndani kuna mrija uliopinda, na pengo likiwa juu mdomo wa mrija hubaki kwenye mvuke. Ukiligeuza, kimiminika huingia kwenye kichomeo na moto huruka juu.

Paka povu la sabuni kwenye maungio yote, fungua gesi bila kuwasha, subiri dakika moja. Kiputo kinachokua polepole, hata kidogo kama punje ya mtama, ni uvujaji. Funga, kagua ringi ya mpira kama imepasuka au imekauka, rudia. Kisha washa. Moto uwe wa bluu. Wa njano unaopaka masizi una maana hewa haitoshi au tundu limeziba.

Ukiwa ndani ya nyumba fungua dirisha na mlango. Ndani ya hema usiwashe kamwe, hata mvua ikinyesha. Moto kwenye nafasi finyu hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi, na huua watu wakiwa usingizini. Gesi yenyewe ikivuja ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Ukisikia harufu yake funga vali, fungua milango, toka, na usiguse swichi yoyote ya taa.

Hatua ya 7: Hifadhi

Makopo yakae mahali pakavu penye hewa, mbali na jua na joto. Ndani ya gari lililoegeshwa juani hapafai, kwani lebo nyingi zinakataza joto la zaidi ya nyuzi 50. Mtungi usimame wima siku zote, na mpira wake una tarehe. Ukipita muda au ukiota nyufa, badilisha. Ukimaliza kupika, toa kopo kwenye jiko.

Kujua gesi iliyobaki, pima kopo jipya kwenye mizani ya jikoni, andika uzito kwa kalamu kwenye kitako, kisha lipime tena kila baada ya kulitumia. Tofauti ndiyo gesi uliyokwisha kuichoma.