Jinsi ya kutengeneza programu ya kuchora kwenye tableti inayokupangia viti, zamu na ratiba

Nani akae wapi, nani ashike zamu ipi, kazi gani itangulie, haya mambo wengi tunayapanga kwenye karatasi, unaandika unafuta unaandika tena mpaka karatasi inatoboka. Programu za kukokotoa zipo ila zinataka ujaze fomu, na mi ya kwanza niliyotengeneza ilikuwa hivyo hivyo, kila niliyempa aliishia kurudi kwenye karatasi. Kwa hiyo hapa tunafanya kinyume: mtu anachora, mashine inatafuta majibu.

Hatua ya 1: amua lugha ya michoro kabla ya kugusa kodi (msimbo wa programu). Tuchukue watu 6 na viti 6 vilivyopangwa mstari mmoja. Duara kwenye nafasi tupu ni mtu mpya, jina aandike ndani kwa mkono na libaki kama picha tu, mashine haina haja ya kulisoma. Mstari toka mtu hadi mtu maana yake wakae jirani, mtu hadi kiti maana yake hapo ni pake. Ukikata mstari kwa kistari kifupi umekataza. Basi, inatosha, usiongeze alama nyingine mpaka mtumiaji akwame kweli.

Hatua ya 2: kanvasi (eneo la kuchorea) na kalamu. Kwenye brauza tumia pointer events za JavaScript (taarifa ambazo brauza inakupa kalamu, kidole au kipanya kikigusa), kwenye CSS ya kanvasi weka touch-action: none la sivyo ukurasa utakimbia kila ukichora, halafu angalia pointerType, kama ni pen chora, kama ni touch achana nayo, maana kiganja hulala kwenye skrini.

Hatua ya 3: kutambua kilichochorwa. Watu wanakimbilia AI hapa, haihitajiki kabisa. Chukua umbali wa moja kwa moja kati ya mwanzo na mwisho wa mchoro, gawanya kwa urefu wote wa mchoro. Ikizidi 0.9 ni mstari, ikiwa chini ya 0.2 ni duara, iliyobaki katikati iache kama wino wa kawaida wala usimsumbue mtu na ujumbe wa kosa. Ncha za mstari zikiangukia ndani ya pikseli 30 hivi za mtu au kiti, ziunganishe. Ncha hazijagusa kitu ila mstari umekatiza mwingine? Hilo ni katazo.

Hatua ya 4: kutafuta majibu. Watu 6 wana mipangilio 720, hiyo unaijaribu yote bila wasiwasi, ila 10 tayari ni 3,628,800 kwa hiyo zoea mapema kujaribu na kurudi nyuma: mkalishe mmoja, kagua masharti, likivunjika mtoe ujaribu kiti kingine. Anza na mwenye masharti mengi, hiyo peke yake inaokoa muda mwingi sana. Na endesha kazi hii kwenye Web Worker, yaani pembeni ya kodi inayochora, kwa sababu skrini ya 60 Hz hujichora upya mara 60 kwa sekunde, inakupa kama milisekunde 16 tu kwa kila fremu, ukizila zote wino unabaki nyuma ya kalamu na mtu anahisi anachora kwenye matope.

Hatua ya 5: onyesha majibu kadhaa, sio moja. Hii ndo roho ya kitu chote. Mtaalamu wa kompyuta Ivan Sutherland alionyesha na Sketchpad, programu yake ya kuchora kwenye skrini, mwaka 1963 kwamba unaweza kuchora ovyo halafu mashine ikanyoosha kufuata masharti, ila kwenye maisha ya kawaida masharti yenyewe mtu huwa hayajui yote, akiona mpangilio ndo anashtuka "aa, huyu asikae mwisho!" na anachora sharti jipya hapo hapo.

Hatua ya 6: jibu likikosekana, usiandike "hakuna jibu" ukanyamaza. Toa sharti moja, tafuta tena, lirudishe, nenda kwa linalofuata, na kila ambalo kutoka kwake kunaleta jibu lipake rangi nyekundu. Migongano ikiwa miwili kwa mpigo mbinu hii haioni kitu, hapo anza na ukurasa mtupu uongeze masharti moja moja kwa mpangilio yalivyochorwa, litakalovunja ndo la kupaka. Lipake tu, usilifute, kufuta mwachie mwenye kalamu.