Kutafuta tiba ya OCD: umuulize nini mtaalamu, utarajie nini

Neno wasiwasi limebeba mengi. Hofu ya mtihani ni wasiwasi, hofu ya wezi ni wasiwasi, na mtu anayerudia udhu nusu saa huku jamaa wameshamaliza kuswali, naye huambiwa ana wasiwasi. Ndiyo maana mwenye OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayojirudia bila kutakiwa na vitendo vya kuyatuliza, akifika hospitali na kusema tu "nina wasiwasi", mara nyingi huambiwa apumzike, apunguze mawazo, pengine apewe na vidonge vya usingizi. Anarudi nyumbani na ugonjwa wake vilevile.

Ugonjwa huu una tiba yake mahususi ya kisaikolojia, ambayo wataalamu huiita ERP. Mgonjwa anakikabili kwa makusudi kile kinachomtia hofu, hatua kwa hatua, kisha anajizuia kufanya kitendo ambacho humpa nafuu ya haraka: kuosha, kukagua, kuhesabu, kuuliza. Victor Meyer, mwanasaikolojia wa London, aliandika habari za wagonjwa wake wawili waliotibiwa hivyo mwaka 1966, na hadi leo hakuna tiba ya kisaikolojia yenye ushahidi mwingi zaidi kwa OCD. Kwa hiyo usitafute mshauri yeyote mwenye moyo mzuri. Tafuta anayejua kazi hii.

Daftari kabla ya simu

Kwa wiki moja andika mambo manne: wazo lililokujia, ulichofanya ili utulie, dakika ulizotumia, na kitu ulichokikwepa. Andika na vitendo visivyoonekana, kama kurudia dua moyoni, kupitia tukio zima kichwani, au kumuuliza mume wako "una hakika?" mara ya sita. Kliniki sema hivi: "Kila usiku nakagua mlango mara 14, inanichukua dakika 40, na kazini nachelewa." Hapo daktari ana kitu cha kushika. Vitendo na mawazo yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakivuruga kazi, masomo au ndoa, hilo si suala la tabia tu.

Kuna mawazo ambayo watu hawayasemi: kumchoma mtoto kisu, kumtukana Mungu katikati ya sala, picha za ngono zinazochukiza. Yaseme. Mtaalamu anayeijua OCD ameshayasikia, na anajua kwamba wazo linalokutisha na kukuchukiza ni jambo tofauti kabisa na nia. Mdomo ukigoma, liandike kwenye karatasi umpe alisome. Lakini ukiwa unafikiria kujiua, usisubiri miadi. Nenda idara ya dharura leo.

Mahali pa kuanzia

Hospitali ya mkoa au ya kaunti yenye kliniki ya afya ya akili inaweza kukupa barua ya rufaa. Juu yake kuna Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala. Omba mwanasaikolojia tiba, si daktari wa dawa peke yake. Kenya ina bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014; muulize mtaalamu namba yake ya usajili kabla hujalipa. Aliyeko England anaweza kujipeleka mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma ya umma ya tiba ya mazungumzo, bila kupitia kwa daktari wake.

Tiba kwa njia ya video usiidharau. Kwa OCD ina faida ambayo ofisi haina: mtaalamu analiona sinki lenyewe na mlango wenyewe, na zoezi mnalifanya palepale tatizo lilipo.

Kwenye simu uliza maswali mawili: "Umewahi kutibu OCD kwa ERP?" na "Kipindi kimoja kinakuwaje?" Jibu zuri litataja ngazi ya mazoezi, mazoezi mnayoyafanya pamoja ndani ya kipindi, na kazi ya nyumbani ya kila siku. Ukisikia "nitakufundisha kuyafukuza mawazo", au kuvaa mpira mwembamba (rubber band) mkononi na kujichapa nao wazo likija, shukuru ukate simu. Wazo linalofukuzwa hurudi na nguvu zaidi. Miezi sita ya kuchimba utotoni nayo huwa haigusi vitendo vyenyewe. Anayesema kwa uwazi "sijaifanya sana, ila nimesomea tiba ya fikra na tabia, na niko tayari kufuata mwongozo wa ERP" anafaa kuliko anayedai kutibu kila kitu.

Kwa kawaida ni vipindi 12 hadi 20, kila kimoja dakika 60 hadi 90, hivyo uliza bei ya vyote kabla hujaanza. Omba pia upimwe kwa kipimo cha Y-BOCS: maswali 10, jumla alama 40. Alama 16 hadi 23 ni kiwango cha kati, 24 na kuendelea ni kali. Ikishuka kwa asilimia 35, tuseme kutoka 28 hadi 18, tiba inafanya kazi. Bila kipimo utabaki kukisia.

Ngazi inavyopandwa

Chukua huyu wa udhu. Pamoja na mtaalamu anapanga mazoezi kwa alama za hofu, 0 hadi 100. Kutawadha kwa kopo la lita mbili, likiisha limeisha: 35. Kopo la lita moja: 50. Kibaba kimoja tu, kati ya nusu lita na robo tatu: 65. Kibaba hichohicho, kila kiungo mara moja, kisha moja kwa moja kwenye mswala huku nafsi ikipiga kelele kwamba kisigino hakikulowa: 80. Kibaba hakikuokotwa hewani. Imepokewa katika hadithi kwamba Mtume alitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi. Mafaqihi nao wana kanuni yao: yakini haiondolewi na shaka.

Ila kuna mtego. Kanuni hiyohiyo huweza kugeuka dawa ya kutuliza, mtu akampigia sheikh kila baada ya Alasiri aambiwe tena kwamba udhu wake umeswihi. Sheikh aulizwe mara moja, ikiwezekana mtaalamu akiwepo, jibu liandikwe, na mlango ufungwe. Mkristo anayeungama dhambi ileile kila wiki afuate njia hiyohiyo kwa padri mmoja. Na mtaalamu mwenye adabu hakuagizi utende dhambi. Anakuagiza uishi na shaka.

Anza na ngazi ya 30 au 40, rudia kila siku mpaka ikuchoshe, ndipo upande. Nyumbani tenga dakika 45 hadi 60. Hofu itapanda, kaa nayo. Si lazima ishuke hadi sifuri. Unachojifunza ni kwamba unaweza kuibeba bila kile kitendo.

Mazoezi huharibikia kwenye vitu vidogo. Mtu hagusi maji, lakini moyoni anajiambia "nitaosha nikifika nyumbani". Anaacha kukagua mlango, lakini ameupiga picha kwa simu. Anamwangalia mtaalamu usoni aone kama ametulia. Anameza diazepamu, kidonge cha kutuliza hofu, kabla ya zoezi, kisha anaamini kwamba kilichomwokoa ni kidonge; kama umeandikiwa, zungumza na daktari, usiikate ghafla.

Nyumbani nako kuna kazi. Mama anayejibu "ndiyo mwanangu, nimefunga" mara kumi kwa usiku anaulisha ugonjwa bila kujua. Kaeni kikao, mkubaliane jibu moja: "Hilo ni swali la OCD, na tulikubaliana silijibu." Lisemwe kwa upole, na mabadiliko yaende taratibu. Kumnyamazia mgonjwa kwa kumkomoa hakusaidii.

Dawa

OCD ikiwa kali, au hofu ikikuzuia hata kuanza ngazi ya chini, daktari huongeza dawa kama flueksetini au setralini, mara nyingi kwa dozi kubwa kuliko ya sonona. Matokeo huchukua wiki 8 hadi 12, ilhali kichefuchefu huja wiki ya kwanza, ndiyo maana wengi huacha wiki ya tatu na kusema haikufaa. Ikifaa, huendelea kwa mwaka mmoja au zaidi, na hupunguzwa kidogokidogo. Klomipramini nayo hufanya kazi, lakini moyo upimwe kwanza. Aliye chini ya miaka 25 afuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, maana mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka.

Mkifika kipindi cha tano hamjafanya zoezi hata moja, muulize mtaalamu sababu. Jibu lisipoeleweka, omba rufaa kwa mwingine, na daftari lako uende nalo.