Wageni wa Desemba: Fort Jesus ni asubuhi

Mkipokea ndugu kutoka bara likizo hii, wapelekeni Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, saa mbili asubuhi, lango likifunguliwa tu. Msingoje mchana. Ngome hiyo waliijenga Wareno kati ya 1593 na 1596, na ua wake ni mpana, kivuli haba. Jua la kaskazi likishapanda, watoto wanalia na bibi anatafuta pa kukaa.

Kila mtu mzima abebe kitambulisho, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje. Kofia na maji pia.

Ndani, anzeni na makumbusho. Kuna vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanna, meli ya Wareno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Waonyesheni watoto vitu hivyo kwanza, kisha wapandisheni ukutani watazame bahari ile ile. Wangu walinyamaza kabisa, kisha maswali yakaanza, na hayajaisha mpaka leo!

Mkitoka, ingieni Mji wa Kale kwa miguu. Vichochoro vina kivuli, na dafu halikosekani njiani.

Pwani iwe jioni, lakini ulizeni kwanza maji yanajaa saa ngapi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, bahari hurudi nyuma mbali sana, na mtoto aliyetoka Nakuru kuja kuogelea ataambulia mwani na mchanga. Haller Park, bustani ya wanyama, nayo ipeni siku yake. Twiga wa kule hawataki haraka.