Somo: Kuzima ugomvi wa baa kabla chupa haijashikwa

Somo hili ni la wahudumu, watu wa kaunta na mameneja wa baa za huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mwanjelwa na Uyole hadi Mafinga na Ipogolo. Wateja nao wana lao humu. Ugomvi mwingi wa baa unaanzia kwenye hesabu, halafu unakua kwa sababu mtu ameaibishwa mbele ya wenzake. Ukiweka hesabu sawa mapema na ukamwachia mtu njia ya kuondoka na heshima yake, baunsa atakaa tu mlangoni.

Hatua ya 1: Bili isiyobishaniwa

Chupa tupu zikiachwa mezani ni silaha, zikiondolewa hesabu inapotea. Kwa hiyo ondoa chupa, acha vizibo kwenye kisahani pale pale mezani. Kila raundi taja kwa sauti: "Hizi tatu, jumla sasa saba," halafu andika mteja akiona. Akija mtu mpya mezani, muulize kabla hajafunguliwa: yuko kwenye bili ile au ana yake? Ofa inayotoka meza nyingine ilipwe hapo hapo na mtoaji, na anayepewa aulizwe kwanza kama anaipokea. Bia iliyotumwa kwa mke au mchumba wa mtu bila kuuliza imeshavunja meza nyingi.

Nyama ipimwe kwenye mizani mbele ya mteja ikiwa mbichi, na aambiwe kwamba kilo moja ikichomwa itapungua robo au zaidi, maana maji na mafuta yanatoka. Asiyeambiwa ataona sahani ndogo na kuamini ameibiwa.

Baa nyingi humkabidhi mhudumu bia kwa hesabu, na upungufu anakatwa yeye. Ndiyo maana anapaza sauti kwa bia mbili tu. Mteja alijue hilo kabla ya kumwita mwizi.

Hatua ya 2: Soma dalili

Sauti kupanda ni dalili, lakini si mbaya kuliko zote. Angalia zaidi mtu aliyekuwa anaongea akanyamaza ghafla, anayevua koti au saa, anayegeuza kiti kumkabili mtu wa meza nyingine, au anayeishika chupa shingoni badala ya tumboni. Hapo una dakika moja au mbili. Usisubiri wasimame.

Hatua ya 3: Namna ya kumfuata

Aende mtu mmoja. Wakienda watatu, mteja anaona amevamiwa. Simama ubavuni mwake, si uso kwa uso, mbali kidogo kuliko urefu wa mkono, viganja vikionekana. Punguza muziki taratibu. Ukizima ghafla baa nzima inageuka kutazama, na mtu anayetazamwa harudi nyuma.

Mwite kwa heshima anayostahili: mzee, kaka, mjomba; kwa Iringa "mnyalukolo" (ndugu, kwa Kihehe) linafungua masikio haraka. Usiseme "umelewa", usiseme "tulia", usimnyooshee kidole. Uliza: "Kaka, kitu gani hakijakaa sawa?" Msikilize mpaka mwisho, hata akirudia. Kisha mtoe machoni mwa watu: "Naomba tusogee hapa kaunta tuhesabu wote." Anza na yule mwenye hasira kidogo, au mwenye rafiki ambaye hajalewa. Huyo rafiki ana nguvu kuliko baunsa.

Ubishi ukibaki kwenye bia moja au mbili, apokelewe malipo ya zile zisizobishaniwa, na hizo mbili meneja aamue siku hiyo hiyo. Usimnyang'anye simu kuwa rehani. Deni lako litageuka kesi ya kunyang'anya.

Hatua ya 4: Chupa ikishashikwa

Sogeza watu nyuma, acha njia ya mlango wazi, washa taa zote, piga 112. Usimrukie. Mabaunsa wakilazimika kumshika, wamshike mikono. Wasimkabe shingo wala kumkalia kifuani, maana hapo ndipo watu hukata pumzi. Jeraha libanwe kwa kitambaa safi, na kipande cha chupa kilichozama kisichomolewe. Anayevuja damu sana aharakishwe hospitali, na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi) ifuatiliwe polisi. Kumjeruhi mtu ni kosa la jinai, na kusema "nilikuwa nimelewa" kwa kawaida hakumwokoi aliyelewa kwa hiari yake.

Hatua ya 5: Kumtoa nje

Hapa wengi wanakosea. Pombe inapanua mishipa ya damu ya ngozi: mtu anasikia joto huku mwili unapoteza joto. Usiku wa Juni au Julai, Mbeya, Makete au Mufindi, mlevi akilala mtaroni anaweza asiamke. Mpe mtu wa kwenda naye au bodaboda unayemjua. Akizimika, mlaze kwa ubavu karibu na watu ili matapishi yasimzibe, na mwangalie anavyopumua. Asipoamka ukimtikisa, ni hospitali. Kahawa haimlevui. Bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu 20 hivi za pombe, na mwili unahitaji saa mbili au zaidi kuimaliza.

Maswali ya wanachama

*Mafinga: Mteja anasema ameshalipa kwa simu, sisi hatujaona kitu. Tufanyeje?*

Angalia salio au taarifa ya miamala ya akaunti yenu, si meseji aliyokuonyesha, kwa sababu meseji inaweza kuandikwa na yeyote. Mwombe namba ya muamala, na jina la aliyepokea alisome yeye mwenyewe. Mara nyingi amekosea tarakimu moja ya lipa namba. Bandikeni namba kila meza ikiwa na jina litakalotokea.

*Kilolo: Kilabu chetu ni cha ulanzi (pombe ya mianzi), hakuna bili wala baunsa.*

Shida yenu ni kwamba ulanzi unaendelea kuchacha chomboni. Lita ya asubuhi ni tamu na nyepesi. Ya jioni, au ya jana, ni kali, na mnywaji bado anahesabu lita zile zile. Muuzaji aseme ni upi kabla ya kumimina, alipwe kabla, na asichanganye mkali na mpya bila kusema. Mkubwa wa umri pale kilabuni aombwe kusuluhisha. Akishindwa, aitwe mwenyekiti wa kitongoji.

*Tukuyu: Wawili wameshapigana, nani atolewe?*

Wote, lakini si pamoja. Atoke mmoja na mtu wake, mwingine akae ndani robo saa. Mkiwatoa kwa mpigo watakutana kituo cha bodaboda.

*Uyole: Mteja anamshika mhudumu wa kike, akikatazwa anasema ni utani.*

Utani unataka mtani anayeukubali. Meneja aende mwenyewe, aseme mara moja: "Usimguse mhudumu wetu." Meza ihudumiwe na mwanaume. Akirudia, alipe na aondoke, hata kama ndiye anayenunua kreti nzima. Unyanyasaji wa kijinsia ni kosa tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, na mhudumu akitaka kwenda polisi, apewe ruhusa na mtu wa kumsindikiza bila kukatwa siku.